Roho Iliyochoka: Namna Wimbo, Kazi ya Mikono na Simu Vinavyoweza Kuisaidia

Unapokuja siku ya kipimo tunapima kilo za mtoto, tunatazama macho yake, tunamchanja. Wewe mwenyewe tunakupima damu na tansio. Lakini kuna kitu kimoja ambacho mizani yetu haiwezi kukipima: ni roho ya mama. Mama anaweza kukaa kwenye benchi pamoja na wenzake, amevaa kikwembe safi, anasalimia watu vizuri, kumbe ndani yake ni giza. Ukimwuliza atajibu, "Niko muzima, ni mawazo mingi tu."

Somo la leo ni juu ya hayo "mawazo mingi". Tutajifunza mambo matatu: namna ya kuyatambua, namna ya kuisaidia roho kwa wimbo, kwa kazi ya mikono, kwa hadithi na hata kwa simu, tena, wakati gani inafaa kuacha yote na kukimbia kwa munganga.

1. HUZUNI YA KAWAIDA NA UGONJWA WA HUZUNI

Kila mtu anapata huzuni. Ukifiwa, utalia. Ukipotewa na mali, hutalala vizuri. Sisi wa Uvira na wa kando ya ziwa tumeona mengi. Mwezi wa 4 mwaka 2020 mto Mulongwe ulijaa usiku, ukaua watu na kubomoa nyumba maelfu. Miaka iliyofuata maji ya ziwa yenyewe yakapanda, yakaingia katika malupango ya watu wa pwani. Mwezi wa 2 mwaka 2025 wengi walikimbia vita, wakavuka mpaka kwenda Burundi. Mwezi wa 12 mwaka huohuo vita vikafika mpaka Uvira. Mtu aliyepita katika mambo hayo akilia, si mgonjwa. Ni mtu.

Lakini kuna huzuni inayokaa na kukataa kutoka. Ikipita majuma mawili, na kila siku ni ileile, hapo tunafikiri ugonjwa. Tazama alama zake:

- Mama haoni furaha katika jambo lolote, hata yale aliyoyapenda zamani.
- Halali usingizi, hata mtoto akilala. Ao analala mchana kutwa na bado anachoka.
- Chakula hakina ladha. Bugali na ndagala viko mezani, yeye anasukuma sahani.
- Kichwa, mgongo na moyo vinamuuma, na dawa za maumivu hazisaidii.
- Anajilaumu, anasema, "Mimi si mama wa kufaa."
- Anamtazama mtoto wake kama mtoto wa mtu mwingine.
- Anashtuka akisikia mlango kupigwa, anaona tena mambo mabaya yaliyopita kama vile yanatendeka sasa.

Mama, ukiona alama hizo, usiseme ni uvivu. Si uchawi. Si laana, wala si kukosa imani. Ni ugonjwa, kama vile malaria ni ugonjwa. Shirika la Afya Duniani, tunaloliita OMS, linasema kwamba katika nchi zisizo na mali nyingi, karibu mama mmoja kati ya watano waliojifungua anapata ugonjwa wa roho wa namna hiyo. Vilevile katika nchi zilizopita katika vita, mtu mmoja kati ya watano ana ugonjwa fulani wa akili, mwepesi ao mzito. Sasa tazama benchi ulilokalia. Kama mko mama kumi, labda wawili kati yenu wanaumia kwa siri.

Ugonjwa huu unamgusa mtoto pia. Mama aliyevunjika roho anachoka kunyonyesha, anasahau tarehe ya chanjo, hasemi na mtoto wala hacheki naye. Mtoto anaanza kupungua kilo. Kwa hiyo kuitunza roho ya mama ni sehemu ya kumtunza mtoto.

2. MFANO WA MAMA WA KALUNDU

Tuchukue mfano. Mama huyu si mtu mmoja unayeweza kumtafuta. Tumemtunga kwa ajili ya kufundisha, lakini wengi watajiona ndani yake.

Mama mmoja wa Kalundu alikuwa akiuza ndagala. Maji ya ziwa yakachukua nyumba yake, akahamia kwa mama mkwe wake. Mtoto wake ana miezi mitatu. Zamani alipoanika ndagala aliimba. Sasa amenyamaza kabisa. Mama mkwe akasema, "Huyu bibi wa mtoto wangu amekuwa mvivu. Jua imepanda na yeye angali kwa kitanda." Bwana naye akasema, "Wenzako wamepotewa na watoto, wewe nyumba tu. Unalilia nini?"

Hawakusema hivyo kwa ubaya. Hawakujua. Lakini maneno yale yalimfunga mama huyo kinywa. Akaona kwamba akisema, ataonekana mbaya. Akanyamaza, na ugonjwa ukaendelea kula ndani.

Hapo ndipo shida kubwa ilipo. Ugonjwa wa huzuni unapenda mambo mawili: kimya na upweke. Mtu akikaa peke yake na mikono mitupu, mawazo yanazunguka kama mbuzi aliyefungwa kwenye mti: anazunguka mpaka kamba inakwisha, kisha anajinyonga shingo.

Jirani yake, bibi mzee anayesuka mikeka, hakumwuliza maswali mengi. Alisema tu, "Mwanangu, kuja unisaidie kupasua majani. Mikono yangu imezeeka. Mtoto utamlaza hapa." Mama akaenda. Siku ya kwanza hakusema neno. Siku ya pili vilevile. Juma la pili, wakiwa wanasuka, bibi akaanza kuimba polepole wimbo wa kumlaza mtoto. Mama akaitikia. Kisha akalia. Bibi hakumwambia anyamaze, akaendelea kusuka. Mama alipomaliza kulia akasema kwa mara ya kwanza, "Bibi, nachoka na maisha." Bibi akaweka mkeka chini, akamwuliza taratibu, akamsikiliza, na siku ileile akamsindikiza kwa kituo cha afya.

Angalia vizuri. Mkeka haukumponya mama huyu. Lakini mkeka ulimtoa nyumbani, wimbo ulimfungua kinywa, na kinywa kilipofunguka msaada ukapata njia ya kuingia.

3. KWA NINI WIMBO NA KAZI YA MIKONO VINASAIDIA?

Wazee wetu walijua jambo hili bila kusoma vitabu. Mwanamke aliyetwanga aliimba. Waliokwenda kwenye kilio waliimba usiku kucha. Leo waganga wa nchi nyingi wamelichunguza. Mwaka 2019 OMS ilitoa kitabu kilichokusanya machunguzo zaidi ya 3,000 juu ya nyimbo, ngoma, michoro, hadithi na kazi za mikono. Kikasema kwamba mambo hayo yanaweza kusaidia kuzuia magonjwa na kuwatunza wagonjwa, pamoja na wale wa roho na akili.

Sababu ni hizi:

Kwanza, pumzi. Mwenye hofu anapumua haraka na kwa juujuu. Mtu anayeimba analazimika kuvuta pumzi ndefu na kuitoa polepole, na pumzi ikitulia, moyo pia unapunguza mbio.

Pili, mawazo yanapata kazi. Anayehesabu nyuzi za kroshe ao anayefuata mchoro wa kikapu hawezi wakati uleule kuzunguka na wazo moja baya. Ni pumziko fupi, lakini ni pumziko.

Tatu, kuna kitu kinachokwisha. Ugonjwa unamwambia mama, "Huwezi kitu." Lakini kikapu kiko mbele yake, amekimaliza, kina mdomo na mkono. Macho yake yanaona kwamba ugonjwa umesema uongo.

Nne, maneno magumu yanapata njia. Kuna mambo ambayo mtu hawezi kuyasema uso kwa uso. Lakini katika wimbo, ao katika hadithi ya sungura na simba, yanatoka bila aibu.

Tano, kuwa pamoja. Watu wanaoimba ao kusuka pamoja wanaanza kufahamiana na kuulizana habari. Siku moja mmoja asipoonekana, wenzake wanakwenda kumtazama.

4. MAMBO YALIYOJARIBIWA

Bukavu, katika Hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa na Daktari Denis Mukwege mwaka 1999, wanatunzwa akina mama wengi walioumizwa na vita na ubaya wa watu, na wengine walioumia sana wakati wa kuzaa. Tangu mwaka 2015 kuko mpango wa kuwatunza kwa muziki. Akina mama wanakutana na mtu aliyejifunza kutunza roho, pamoja na fundi wa muziki. Wanatunga nyimbo zao wenyewe, juu ya yaliyowapata na juu ya tumaini lao. Kisha nyimbo zinarekodiwa kwa mashine kama za waimbaji wakubwa, na wengine wanazisikia. Waliochunguza mpango huo waliona kwamba hofu na huzuni za akina mama zilipungua, na nafuu ilikuwa ingali ipo miezi iliyofuata. Fikiri jambo hilo: mwanamke aliyefikiri kwamba sauti yake haina bei tena, anasikia sauti yake ikitoka katika mashine, na watu wanasikiliza.

London, nchi ya Uingereza, waganga walikusanya mama 134 waliokuwa na alama za huzuni baada ya kuzaa. Wengine waliimba pamoja na watoto wao kila juma, kwa majuma 10. Wengine walicheza pamoja na watoto bila kuimba. Wengine walipata matunzo ya kawaida. Habari ilitolewa mwaka 2018: kati ya wale waliokuwa na huzuni kubwa, walioimba walipata nafuu mapema kuliko wale wa matunzo ya kawaida.

Harare, nchi ya Zimbabwe, mwaka 2006 Daktari Dixon Chibanda alianza kuwafundisha bibi wazee kukaa kwenye benchi karibu na kituo cha afya na kusikiliza watu wenye "mawazo mingi". Baadaye wagonjwa wanaitwa katika kikundi, wanakaa duara, wanasuka mifuko kwa kroshe kwa kutumia plastiki zilizotupwa, na huku wakiongea. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2016 ulionyesha kwamba waliosaidiwa kwa njia hiyo walikuwa na alama chache za ugonjwa kuliko wengine.

Kumbe njia hii si ya matajiri. Benchi tunayo. Plastiki zimejaa katika mifereji yetu. Bibi wenye hekima wako katika kila lupango.

5. NAMNA YA KUFANYA NYUMBANI

Mwimbie mtoto. Hata kama mtoto angali tumboni, katika miezi mitatu ya mwisho anasikia sauti yako. Chagua wimbo mmoja wa kulaza uliousikia kwa mama yako, kwa Kifuliiru, Kivira, Kibembe ao Kiswahili. Uimbe kila jioni saa ileile. Usiseme, "Sina sauti nzuri." Mtoto hapimi sauti. Montréal, nchi ya Kanada, wachunguzi waliwasikilizisha watoto wachanga maneno na wimbo wa lugha wasiyoijua. Kwa maneno, watoto walitulia kidogo zaidi ya dakika 4. Kwa wimbo, karibu dakika 9. Tena, unapomtuliza mtoto, wewe pia unatulia.

Shughulisha mikono. Kusuka mkeka ao kikapu, kroshe, broderi kwenye kitambaa, kushona nguo iliyopasuka, kumsuka mwenzako nywele, kufinyanga udongo: chagua unachokijua ao unachoweza kufundishwa na jirani. Anza na kitu kidogo kinachoweza kukwisha kwa siku mbili ao tatu. Robo saa kwa siku inatosha mwanzo. Siku ambayo huna nguvu, suka mstari mmoja tu. Mstari mmoja ni kazi.

Simulia. Usiku wa mbalamwezi, wakati wavuvi hawapati ndagala na baba yuko nyumbani, kaeni pamoja mtoe hadithi za zamani. Watoto walioona vita ao mafuriko wanapenda hadithi ambazo mdogo anamshinda mkubwa.

Mpe mtoto nafasi ya kuchora. Mtoto wa miaka mitano hawezi kukueleza hofu yake. Mpe kipande cha kaa la makaa na ubao, ao kijiti na mchanga wa pwani. Akichora bunduki ao maji yanayobeba nyumba, usimpige wala usifute. Mwulize, "Hii ni nini? Na huyu mtu ni nani?" Msikilize. Kisha mwambie, "Asante kwa kunionyesha. Sasa niko hapa na wewe." Kama kila siku anachora jambo lileile baya, anakojoa kitandani wakati zamani alikuwa ameacha, ao hasemi tena, mlete kwetu.

6. SIMU NA RADIO: KAMA KISU CHA JIKONI

Simu ni kama kisu. Kisu kinakata sombe, kisu kinakata kidole. Kazi ni kujua namna ya kukishika.

Simu inaweza kusaidia hivi:

- Rekodi wimbo wako wa kulaza mtoto. Hata simu ndogo nyingi zinaweza, na haikuli inite. Siku umechoka, ao umekwenda sokoni, mtoto atasikia sauti yako.
- Rekodi hadithi na nyimbo za bibi na babu wangali hai. Ni mali ya ukoo.
- Kama ndugu wamebaki Burundi ao mahali pengine, watumie sauti yako ikiimba ao ikisalimia. Sauti inafariji kuliko maandishi.
- Kama huna mtu wa kumwambia yanayokulemea, yaseme kwa simu taratibu, kisha yafute. Usiyaache kama simu inashikwa na watu wengi nyumbani.
- Piga picha ya kikapu ao broderi uliyoimaliza, umwonyeshe mwenzako. Anayeona ataomba kufundishwa, labda pia kununua.
- Fungua radio wakati wa nyimbo na masomo ya afya. Mkisikiliza pamoja, mtapata jambo la kuongea.

Simu inaweza kuumiza hivi:

- Picha za maiti na za vita. Kila picha unayoitazama inaingia na inakaa. Usizitazame mara mbili, usizitume kwa wengine, na usimwache mtoto azione. Kusema "nasikitika" si lazima kutanguliwe na picha ya damu.
- Uvumi. Mtu anaandika katika WhatsApp, "Wamefika, kimbieni!" na mji mzima haulali. Kabla ya kutuma, jiulize: nani ameona? Saa ngapi? Wapi? Kama hujui, usitume. Habari za usalama zitafute mara mbili kwa siku, si kila dakika.
- Simu usiku. Mwenye mawazo mingi akiwasha simu saa sita ya usiku, usingizi unakimbia. Iweke mbali na mkeka wako, uizime kama unaweza.
- Kujilinganisha. Watu wanaonyesha siku yao ya sikukuu, hawaonyeshi siku ya njaa.
- Picha na masimulizi ya siri. Usimrekodi mtu bila ruhusa yake. Mama aliyetendewa ubaya asikubali kupigwa picha na kusimulia habari yake kwa mtu yeyote anayemwahidi msaada. Habari hiyo ikitoka katika simu moja, hairudi tena.

7. KUANZA DUARA LA AKINA MAMA

Mama sita mpaka kumi wanatosha. Mnaweza kuanza na wenzako wa likelemba, wa kwaya, ao wa benchi hili la kipimo. Chagueni siku moja kwa juma na mahali pa salama. Fanyeni hivyo kwa majuma 10 bila kuacha. Utaratibu ni huu:

Kwanza, salamu. Kila mmoja anasema jina lake na neno moja juu ya siku yake. Asiyetaka kusema anasema, "Niko hapa," na inatosha.

Pili, pumzi. Vuteni pumzi polepole kwa puani, itoeni polepole zaidi kwa kinywa, mara tano.

Tatu, wimbo. Imbeni wimbo mnaoujua wote. Baada ya majuma machache mnaweza kutunga wa kwenu. Mmoja anatoa mstari, wengine wanaitikia. Mkipenda, urekodiwe.

Nne, kazi ya mikono kwa muda wa saa moja. Anayejua anamfundisha asiyejua. Maongezi yatakuja yenyewe.

Tano, kuagana. Ulizaneni: nani hakuja leo? Nani atakwenda kumtazama?

Shikeni sheria tatu. Ya kwanza: yanayosemwa hapa yanabaki hapa, hata mabwana na mama wakwe hawaambiwi. Ya pili: hakuna anayelazimishwa kusimulia jambo baya lililompata. Kumlazimisha mtu ni kufungua kidonda bila kuwa na dawa mkononi. Ya tatu: anayelia haambiwi anyamaze, wala haambiwi, "Kuna walioteswa kukupita." Kaa karibu naye, mpe maji ya kunywa, subiri.

8. WAKATI WIMBO HAUTOSHI

Sikia vizuri sehemu hii, mama, maana ndiyo yenye kuokoa maisha. Wimbo na kikapu ni kama chakula kizuri kwa mwenye malaria: kinamsaidia, lakini hakiondoi haja ya dawa. Kama huzuni imepita majuma mawili, kuja kwetu, hata kama unaimba kila siku. Kuna watu waliojifunza kukusikiliza na kukushauri, na kuna dawa. Usiogope kwa sababu unanyonyesha. Mwambie munganga, atachagua dawa inayofaa. Ukianza dawa, usiiache bila kumwuliza, hata ukijisikia vizuri. Kanyanga na vidonge vya usingizi vinavyouzwa ovyo havitibu huzuni. Kesho yake huzuni inarudi na kubwa yake.

Kuja SIKU ILEILE, hata usiku, ukiona moja la mambo haya:

- Mama anasema anataka kufa, ao kwamba watu wangekuwa heri bila yeye.
- Ana mawazo ya kumwumiza mtoto wake.
- Anasikia sauti ambazo wengine hawazisikii, ao anasema maneno yasiyoeleweka. Ikiwa amejifungua karibuni, jambo hili ni la haraka sawasawa na kutoka damu nyingi.
- Hajalala kabisa siku mbili ao tatu, ao amekataa kula na kunywa.
- Ametendewa kwa nguvu. Afike kabla ya saa 72, yaani siku tatu, kusudi apate dawa za kumkinga na UKIMWI na magonjwa mengine. Hata kama siku tatu zimepita, aje tu.

Kama unamwona mwenzako katika hali hiyo, mwulize waziwazi: "Je, unawaza kufa?" Wengine wanaogopa kwamba swali hilo litamtia wazo. Sivyo. Ukimwuliza kwa upole, anapata nafasi ya kutua mzigo. Usimwache peke yake hata kidogo. Ondoa karibu naye vitu vya hatari. Msindikize mwenyewe mpaka kituo, usiseme tu, "Nenda." Asifungwe kwa kamba, asipigwe, asinyimwe chakula ili "akili irudi".

Ugonjwa ukiwa mzito, munganga ataandika karatasi ya kumtuma kwa hospitali ya wagonjwa wa akili, kama SOSAME ya Bukavu ao ile ya Kamenge, Bujumbura. Kupelekwa huko si aibu. Mwenye mguu uliovunjika anapelekwa kwa fundi wa mifupa, na hakuna anayemcheka.

9. NENO KWA BABA NA MAMA MKWE

Mpeleke bwana wako karatasi hii nyumbani, ao msomee. Baba, mkeo akinyamaza siku nyingi, usimwite mvivu. Mchukue mtoto kidogo apate kulala. Mpe ruhusa ya kwenda kwa duara la wenzake. Saa hizo mbili hazipotei. Mama mkwe, wewe umezaa, unajua uchovu wa uzazi. Mwimbie mjukuu wako, na mwambie mke wa mwanao, "Mwanangu, pumzika, niko hapa." Maneno hayo machache yana nguvu ya dawa.

Kama nawe, baba, huwezi kulala juu ya mambo uliyoyaona, kuja pia. Wanaume nao wana roho, na roho yao nayo inachoka.

MAULIZO YA KUJIBU PAMOJA

1. Huzuni ya kawaida na ugonjwa wa huzuni vinatofautiana namna gani?
2. Bibi msuka mikeka alifanya nini vizuri? Angefanya nini kama mama angekataa kwenda kwa kituo?
3. Taja mambo mawili ambayo simu inaweza kusaidia, na mawili ambayo inaweza kuumiza.
4. Ni alama gani zinazotulazimisha kuja siku ileile?
5. Kazi gani ya mikono unaijua, na nani unaweza kumfundisha juma hili?

KAZI YA JUMA HILI

Chagua wimbo mmoja wa kumlaza mtoto, uuimbe kila jioni kwa siku saba. Mtafute mama mmoja wa lupango lako ambaye amenyamaza siku hizi. Usiende na maswali. Nenda na uzi ao majani ya kusuka, umwambie, "Mwenzangu, kuja unisaidie." Siku ya kipimo kinachofuata, kuja naye, mkae pamoja kwenye benchi, mtuambie habari.